Apa Nuzhat Anastaafu, Safari Hii kwa Kweli

Mwishoni mwa Machi, Apa Nuzhat Kakorvi, dada mkubwa wa sisi sote ofisini, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika jarida letu la Kiurdu hapa Lucknow. Wasomaji wenye kumbukumbu watasema alistaafu mwaka juzi. Wana haki ya kushangaa, na tutawaeleza.

Apa aliajiriwa kuandika safu ya masufi. Aliwaandika mawalii kama majirani zake: yupi alipenda maembe, yupi alikuwa na mke mkali. Mashehe walileta barua za hasira, kisha wakaja wenyewe kuuliza walii wa mtaa wao ataandikwa lini.

Ila dada yetu ana ugonjwa mmoja: hajui kukataa. Kwetu mshairi hachapishi diwani bila dibaji ya mkubwa wake, nao wote waliangukia mezani kwa Apa. Aliwaandikia washairi, akawaandikia na wajomba zao. Muuza kababu mmoja wa soko la Aminabad alipata dibaji ya bango lake la bei, na ndani yake aya mbili nzito kuhusu subira na mafuta ya moto. Wakati huohuo kitabu chake mwenyewe, kinachohusu wanawake waliofagia makaburi ya mawalii na kutunga kaswida jikoni, kimekwama sura ya pili tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hilo linatuuma sana.

Ndiyo maana mwaka juzi tulimfanyia sherehe ya kumuaga, akamalizie kitabu nyumbani. Lakini adabu ya Lucknow haimruhusu mtu kuzungumza kabla ya mwenziwe.

"Anza wewe, Mirza Sahib," mhariri mkuu alimwambia mhasibu.

"Mimi? Mbele yako mdomo wangu utafungukaje, kaka?" alijibu Mirza. "Aanze mshairi wetu."

"Msinifedheheshe jamani," mshairi akasema. "Mimi ni vumbi la viatu vyenu."

Zamu ilizunguka ukumbi mzima hadi biriani ikapoa na bawabu akaja kufunga. Hakuna aliyemuaga. Jumatatu tukamkuta Apa mezani kwake, anaandika dibaji.

"Ningeondokaje?" alituuliza. "Hakuna aliyeniruhusu."

Basi safari hii mimi, Shaista wa kusahihisha prufu, mdogo kuliko wote ofisini, nimejitolea kukosa adabu. Nimeanza kumuaga kabla ya wakubwa, tena kwa maandishi. Mirza Sahib hajanisemesha tangu juzi.

Apa, asante kwa kutufundisha kuwacheka wakubwa wetu bila kuwadharau. Nenda ukaandike. Tunakutakia maisha mema, afya, na chai isiyokatika. Washairi watakufuata na miswada kwapani, na sisi tutakufuata na halua kama kisingizio, maana hatutaweza kuvumilia kukukosa. Ukisikia tunagonga mlango, tafadhali sana, usitufungulie.