Neno Aliloliruka Hakham Frajallah

Ndugu waombolezaji, mimi ni Khamus, mdogo wake marehemu, shule yangu ni ndogo, na mengine katika karatasi hii yananihukumu mwenyewe, lakini nitayasoma yote.

Marehemu Hakham Frajallah Nahaisi alizaliwa tarehe 2 Septemba 1908, Tripoli, katika mtaa wetu wa Wayahudi, akasomeshwa Torati na baba yetu hadi mwaka 1922, kisha akashika nyundo ya kufua shaba, na mwaka 1938 wazee wakamweka awe kiongozi wa sala, ndipo akaitwa Hakham, yaani mwenye hekima. Tarehe 14 Juni 1933 alimwoa Kamuna, wakajaliwa binti mmoja, Misa, mwaka 1936.

Jumatatu tarehe 5 Novemba 1945, siku ya pili ya ghasia za kutushambulia sisi Wayahudi, watu wenye shoka walivunja mlango wetu, marehemu akasimama mbele yao na nyundo yake, akampasua wa kwanza taya, huku akipiga kelele, "Khamus, mshushe Kamuna na mtoto kisimani!", nami, Mungu anisamehe, niliikamata kamba nikashuka peke yangu, na uzito wangu ukaifungua kule juu ikaniangukia. Nikiwa chini nilimsikia Kamuna akichinjwa kwenye kizingiti cha jiko, nikamsikia Misa akiita, "Ami, kamba! Nirushie kamba, ami!", mpaka vyuma vilipomnyamazisha. Marehemu alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, wakamwacha wakidhani amekufa.

Tarehe 14 Novemba, matanga yalipokwisha, alirudi kuongoza sala, na pale tunapomwita Mungu mkuu, mwenye nguvu, wa kutisha, aliliruka neno "mwenye nguvu", akaliruka na kesho yake. Mimi niliyejificha kisimani ndiye niliyekwenda kumshtaki kwa kufuru, maana nilishindwa kumtazama usoni. Wazee wakambembeleza, "Hakham, si ni neno moja tu, litamke yaishe, twende tukale," naye akajibu, "Musa alimwuliza Mungu mbona anawatesa watu wake, wala hakufukuzwa. Mimi ni msemaji wenu kwake, nikimsifu kwa nisichokiona nitakuwa namwongopea, na Yeye uongo haupendi." Wakamvua uongozi wakanipa mimi, nikaupokea.

Mwaka 1949 tulihamia hapa Netanya, Israeli, akafua masufuria kwa vidole vilivyobaki, akasali kwenye kiti cha nyuma kabisa bila kunisema kwa mtu, ila kunitania tu, "Khamus, unaimba kama mbuzi aliyebanwa mlangoni."

Januari mwaka huu wa 1971 figo zilianza kumsumbua. Jumapili tarehe 7 Machi nilimwungamia habari ya kamba, akasema, "Nilikuona ukishuka, mdogo wangu. Wewe nilikusamehe siku ileile. Huyo wa juu ndiye bado namngoja anijibu." Jumanne tarehe 9 Machi, asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na Bi Mabruka, jirani yetu Mwislamu wa Tripoli, aliyemfunga mkono kwa shela yake siku ile ya ghasia, popote alipo.

Sala ya alasiri leo naongoza mimi, nikifika kwenye neno lile nitaliruka, na anayetaka kunishtaki, wazee wameketi hapo mbele.

Kaka, umemkaribia sasa, endelea kumwuliza. Pumzika kwa amani.