Neno Lililosubiriwa Uyole

Wapendwa, amani iwe kwenu. Kamwene.

Mchungaji aliponiomba nisimame leo nilimwambia kwamba nitasema yote, ila sitamtaja mtu kwa jina. Wengi hapa Kihesa mnanifahamu kwa kwaya. Wachache mnajua kwamba kazi yangu ni uhifadhi. Nilisomea wanyamapori chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimesimamia shughuli za kila siku ndani ya hifadhi: zamu za askari, vibali vya wageni, mafuta ya magari, chakula cha vituo vya mbali. Ni kazi ya makaratasi, lakini makaratasi hayo yamezungukwa na pori, na pori halisomi.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kituo kimoja cha askari, kilicho ng'ambo ya mto wa mchanga, kilikuwa kimenyamaza kwa sababu betri ya redio yao ilikufa. Nikachukua betri mpya na unga wao, tukaondoka mimi na dereva. Dereva huyo alikuwa mtu wa Uyole, kule Mbeya, aliyeendesha malori barabara kuu kabla ya kuajiriwa kwetu, na alikuwa mtani wangu wa kila siku.

Asubuhi ile ilikuwa na jua. Ndugu zangu, nawaambia, jua lile naliogopa hadi leo. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa. Lakini mbali, huko milimani, wingu jeusi lilikuwa limekaa chini, halisogei. Swala wote walikuwa wameuacha mto wakapanda kingoni, wamesimama wakitazama upande mmoja. Niliwaona. Nikadhani ni simba.

Kabla ya kuushukia mto tulikuta matawi mabichi yametapakaa barabarani. Dereva akapunguza mwendo.

"Ingekuwa kule kwetu," akasema, "ningejua mbele kuna lori limekufa."

"Na hapa?"

"Hapa ni tembo, mama. Wanakula, wanatupa, hawana adabu."

Tukacheka, tukayakanyaga. Mnaijua desturi ya barabara zetu: gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyatandaza ili kuwaonya wanaokuja. Lakini hifadhini tembo huvunja matawi kila siku, nasi tumezoea kuyapita. Ni baadaye nilipoambiwa kwamba askari wa kile kituo waliyaona maji yakishuka kutoka juu na, kwa kuwa redio yao ilikuwa bubu, wakavuka upesi hadi upande wetu, wakakata matawi yale kumwonya yeyote ajaye, kisha wakakimbilia njia ya pili ya kuvukia kuizuia.

Tukafika kwenye drifti, ile sakafu ya zege ya kuvukia. Maji yalikuwa ya kulowesha vifundo vya miguu tu. Nikasema tusimame kidogo tuyatazame.

"Ninyi Wahehe bwana! Mjerumani mlimkimbiza, maji mnayakimbia?"

"Mjerumani alikuwa anaonekana," nikamjibu.

Akacheka, akatia gia.

Tulikuwa katikati niliposikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto. Kilichokuja hakikuwa maji. Kilikuwa ukuta wa matope wenye magogo ndani yake. Gari likalala ubavu, upande wangu ukawa juu na wa dereva ukawa chini. Nikahisi mikono yake imenishika kiuno, ikanisukuma nikatokea dirishani. Mkondo ukanitupa ukingoni, nikakamata mizizi. Nilipogeuka, gari halikuwepo.

Askari walinikuta nimeukumbatia mti, bega limevunjika. Yeye alipatikana baadaye, chini sana mtoni.

Bega lilipona. Hapo ndipo nilipoanguka.

Kwa wale wazee wa Uyole, mtu aliyekuwa na marehemu saa ya mwisho huja kuketi mbele ya wafiwa akasimulia, na ndipo msiba hufungwa. Wakati wa mazishi mimi nilikuwa hospitalini. Wakazika, lakini wakakataa kufunga. "Aliyekuwa naye yupo," walisema, "atakuja." Mkewe akabaki na kitambaa cheusi kichwani, akingoja.

Sikwenda. Ningetamkaje mbele ya mama yule kwamba pumzi ya mwisho ya mumewe aliitumia kunitoa mimi? Simu za Uyole nikaacha kuzipokea. Kazini nikaomba likizo, kisha nikaomba nyingine. Mvua ikipiga bati, nilikaa mlangoni nimevaa viatu. Siku moja nilijikaza nikapanda basi la Mbeya. Tulipokaribia daraja moja, upande wa kuelekea Ubaruku, nikaona chini maji mekundu ya matope, nikapiga kelele hadi nikashushwa. Nilirudi hapa Iringa juu ya lori la vitunguu. Nyumbani wanangu walianza kunyamaza nikiingia chumbani, na mume wangu akaanza kuifungia kabatini dawa ya kunyunyizia nyanya. Mnaelewa ninachosema.

Mwishowe alikuja yeye mwenyewe, yule mjane wa Uyole, na kapu la viazi. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto. Kisha akaweka kikombe chini.

"Sikuja kukuuliza kwa nini wewe ni mzima, dada. Nimekuja kuchukua neno langu."

"Litakuumiza, mama."

"Linaniumiza kwa kutolijua. Kila nikilala namuua upya. Leo analiwa na mamba, kesho ananiita simsikii. Niambie alikufa kifo kipi, nikae na hicho kimoja."

Nikaanza. Nilipofika kwenye mikono ile kiunoni mwangu, nikainuka nimwongezee chai.

"Sema."

Nikasema.

"Alikusukuma kwa mikono miwili?"

"Miwili."

"Basi hakuwa amejishikilia popote." Akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, kisha akajifuta. "Ndiye. Huyo ndiye aliyenioa."

Kesho yake akanipandisha basi. Darajani akanikamata mkono: "Fumba macho ukitaka, lakini hushuki." Sikushuka. Mbele ya wazee nililirudia neno lile, na jioni hiyo wakafunga msiba.

Nilirudi kazini. Siwadanganyi, hofu haijaondoka, na mito bado huja bila hodi. Siku hizi drifti zetu zina nguzo za alama nyekundu na mnyororo wa kufunga njia. Namshukuru mume wangu aliyenilinda bila kunisema. Nawashukuru akina mama wa jumuiya mliopika nyumbani kwangu bila kuulizwa. Zaidi namshukuru yule mama, aliyesafiri kufuata kilichopaswa kumfuata yeye. Nimejifunza kwamba neno la msiba ni mali ya wafiwa. Anayelificha kwa huruma anawazika na wao.

Ninasema haya leo kwa sababu yumo kati yetu mtu aliyekwenda doria na mwenzake, nyati akatokea, na akarudi peke yake. Msigeuze vichwa. Ndugu yangu, wafiwa wanakungoja, nami najua swali unaloogopa wakuulize. Sitakusemea. Baada ya ibada nitakuwa getini na gari. Twende leo, kabla mvua hazijafunga njia.