Viti Mlivyoniazima

Ndugu wa shirika letu la mtaa, mnaniona nimesimama, na kiti kiko hapa nyuma yangu. Nimezoea kusimama. Leo nitawaambia nilijifunzia wapi.

Niliporudi Bunia kutoka Uganda, diploma yangu ya ualimu wa Kiingereza ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, watu walisema sitaweza kufungua darasa. Majina sitaji, maana wengine wamekaa hapa hapa. Mmoja alisema, "Watoto ya hapa wanafeli Kifaransa, weye unawaletea ingine?" Mwingine akaniuliza kama Kiingereza inaivishaka mboga ya sombe. Na kuna mzee mmoja, huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Alinitazama kutoka viatu mpaka kola, akasema, "Mutoto yangu, kule ng'ambo walikufundisha kusema. Hapa wasemaji tuko nao mingi. Hautamaliza miezi tatu."

Nilimjibu mbele ya shirika lote, mnakumbuka: nipeni miezi sita. Darasa likifa, nakwenda Boga kwa mjomba kulima kakao, na hii diploma nitafunikia chungu.

Nilisema hivyo kwa sababu najijua. Nilitoka hapa mtoto wa miaka tisa na shati moja. Kambini, kule Uganda, nilikuwa wa kwanza darasani, si mara moja. Niliandika shairi juu ya maisha ya mkimbizi, likapata zawadi mbele ya shule tatu. Sijisifu bure, cheti kiko nyumbani, mtu anaweza kuja kukiangalia.

Basi mkanipa chumba hiki kwa siku za Jumamosi, saa tisa. Viti havikuwamo. Mkaniazima: nyumba kumi na moja, viti ishirini na viwili vya plastiki, kila kimoja jina la mwenyewe limepakwa chini kwa rangi, kama tunavyofanya ili visipotee kwenye matanga. Yule mzee naye alileta kimoja. Mguu wa nyuma ulikuwa na ufa. Akaniambia, "Utakala polepole."

Jumamosi ya kwanza viti vyote vilijaa. Mimi nilitaka kuwafundisha slam, yaani shairi la kusema kwa mdomo, bila ngoma, juu ya mambo yanayowaumiza watu. Nikasema, Bunia haijaona kitu hiki, itaona kwangu. Nikaandika lile shairi langu la zawadi ubaoni, nikawaamuru walishike kwa kichwa.

Ndugu zangu, sikilizeni ujinga wa mtu aliyesoma. Jumamosi ya kwanza, watu ishirini na wawili walisema shairi langu. Jumamosi ya pili, shairi langu. Ya tatu, langu. Kufika ya sita walibaki tisa. Nikajiambia, hawa ni wavivu. Nikaanza kuuliza bei ya nauli ya Boga.

Jumamosi ya saba kukawa na msiba mtaani. Tulikuwa katikati ya somo, vijana watatu wakaingia. "Mwalimu, pardon. Simameni kidogo. Viti ya mama yetu inaenda ku matanga." Wakageuza viti kimoja kimoja, wanasoma majina chini. Wakafuata wengine. Ndani ya dakika kumi chumba kikabaki na kiti kimoja, kile cha ufa, ambacho hakuna msiba uliokitaka.

Tukabaki tumesimama, madaftari mkononi, bila hata goti la kuandikia. Nikasema, twendeni nyumbani, darasa limekwisha. Na kichwani mwangu nilimaanisha limekwisha kabisa.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja, mama muuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni. Alikuja kutafuta Kiingereza cha kununulia samaki kwa wafanyabiashara wa Uganda wanaovuka ziwa mpaka Mahagi-Port. Akaniuliza, "Mwalimu, kinywa nayo inakalaka ku kiti?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikakasirika. "Haya mama, sema."

Akaanza shairi langu la mkimbizi. Mistari miwili, akafunga daftari.

"Siwezi," akasema. "Hii ni safari ya kwako, mwalimu. Weye ulikimbia. Miye nilibaki hapa."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe una nini?"

"Miye niko na bidoni ya maji."

Akasema kwa Kiingereza chake cha maneno arobaini, na kila mstari akaurudia kwa Swahili, kwa sababu wapita njia walikuwa wameanza kuegemea dirisha:

"Naamka mbele ya jogoo, bomba ingali imelala.
Bidoni yangu imesimama sana ku mustari ya maji kuliko mume wangu kanisani.
Bomba, ufunguo yako iko na mutu.
Mutu, mbona maji yako haishibe usingizi?"

Dirishani watu walipiga makofi mpaka mmoja akaangusha sahani yake ya sambusa. Huyo muuza sambusa akasema, "Mama, rudilia, sambusa nimezisamehe." Akarudilia. Kisha fundi seremala, ambaye kwa wiki sita hakuwahi kufungua kinywa peke yake, akajitupa katikati na mistari yake juu ya mbao zinazopita mjini kila siku huku mabenchi ya shule yakikosa mbao. Siku hiyo nilifuta shairi langu ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Liliniuma, siwafichi.

Matanga yalipokwisha viti vilirudi, lakini tangu hapo hatukukaa tena kusema shairi. Mstari wa Kiingereza, mstari wa Swahili, wote wamesimama, na kila mtu na jambo lake. Jumamosi ya tisa mtu mwenye ufunguo wa bomba alisimama dirishani, kofia imeshuka mpaka machoni. Jumatatu bomba likafunguliwa alfajiri. Sisemi shairi ndilo lililofungua. Nasema tu kwamba lilifunguka, na mwalimu ni mimi.

Ilipotimia miezi sita niliyoomba, wanafunzi walikuwa wamepita hamsini. Seremala akatutengenezea mabenchi, tukamlipa kwa michango ya darasa.

Nawashukuru nyote mlionipa kiti mkijua huenda kitavunjika. Namshukuru mama wa makayabo. Leo anabishana bei kwa Kiingereza mpaka wafanyabiashara wanahamia Swahili ili wapumzike. Na somo langu, lichukueni kwa mtu aliyelilipia: ukitaka watu waseme, ondoa maneno yako ubaoni kwanza.

Kisha ikabaki siku ya kuwarudishia viti. Mliiona. Viti ishirini na viwili juu ya vichwa, vimeoshwa, mahali pa vitatu vilivyovunjika tumeweka vipya. Kila mlangoni mwanafunzi mmoja alishusha kiti, akasimama, akasema mistari juu ya mwenye nyumba. Kuna mama alilia, kuna baba aliomba lile neno juu ya deni lake la pombe liondolewe. Tukaliondoa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule mzee. Kiti chake nilikibeba mimi. Seremala alikuwa ameufunga ule mguu kwa bati na misumari. Nikakohoa, nikaanza lile shairi langu la zawadi. Wanafunzi wakapiga kelele nyuma, "Ile hapana, mwalimu. Ile tunaijua."

Basi nikasema la kwangu la siku ile, Kiingereza na Swahili:

"Ulinipa kiti yenye muguu ya ufa.
Nikaogopa kukala.
Ndiyo maana leo unaniona nimesimama."

Mzee alikigeuza kiti, akasoma jina lake chini. Akakitikisa. Akakaa, polepole.

"Rudilia," akasema. "Ile ya Kiingereza. Na weye uende polepole, nataka kuishika ku kichwa."