Ngoma Mbili Zisibanwe Kuwa Moja

Mgeni rasmi Bwana Evanson Njogu, Mkuu wa Mradi wa Nyimbo za Kale. Chifu wetu Mutie. Akina mama na wageni wote, tunawasalimu.

KARIBU MUTOMO

Umekula vumbi la kutosha kutufikia, na mbuzi wako yuko motoni. Chifu alituomba risala hii iwe ya shukrani tu. Tumemheshimu, tumempa kiti cha mbele, lakini haya tutayasema. Ukikasirika, tafadhali kasirika ukishakula.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu cha kilumi, ngoma yetu ya Kikamba, kilianzishwa mwaka wa 1974 na marehemu Syokau Nzomo. Alitutoka mwaka jana, 1998. Sauti yake imebaki kwenye kaseti moja tu, iliyorekodiwa sikukuu ya Madaraka kwa redio yenye maikrofoni mbili, moja kwa kila ngoma. Kaseti hiyo anayo bintiye Kalunde, yule pale mwenye leso ya kijani.

YALIYOTUKUTA NUNGUNI

Katika kilumi yetu ngoma kubwa huita na ndogo hujibu, na mguu wa mchezaji hufuata ile ndogo. Mwezi uliopita tuliwatembelea wenzetu wa Nunguni, waliokupa kaseti yao uiingize kwenye kompyuta. Wakatuwekea CD mliyowaletea, tukainuka kucheza. Jamani, tulikanyagana kama ng'ombe mnadani! Ngoma ndogo haikuwepo, na sauti za akina mama zilikuwa kama zinatoka ndani ya debe.

Tulimuuliza Musembi, anayeuza kaseti mjini Wote na ana kompyuta. Alisema watu wako waliibana sauti hadi kilobiti thelathini na mbili kwa sekunde, yaani wakatupa sehemu kubwa yake, wakachanganya upande wa kushoto na wa kulia kuwa mmoja, ili Ukambani nzima iingie kwenye CD moja. Akachukua kaseti yetu nyingine, akaiweka kwa kilobiti mia moja tisini na mbili, pande mbili. Ngoma ndogo ikarudi, tukamchezea dukani mpaka wateja wakajaa mlangoni. Lakini alituonya kwamba sauti ikishabanwa, hata ukiongeza kilobiti baadaye, kilichotupwa hakirudi.

Basi Nunguni wakaomba kaseti yao iingizwe upya kwenye kompyuta. Karani wako akawajibu, "Ya nini tena? Sauti si iko kwenye kompyuta?" Kumbe kaseti yenyewe ilikuwa imerekodiwa mkutano juu ya nyimbo, zikafutika. Tulilia, mgeni rasmi, na si kilio cha kuigiza.

TUNAYOTAKA

Nakala ya kwanza isibanwe hata kidogo. Zile za kugawa zisishuke chini ya mia moja tisini na mbili, na kila ngoma ibaki upande wake. CD zikijaa, nunueni nyingine. Mashine ya kunakili ije hapa Mutomo, na wapiga ngoma wetu wasikilize kabla hamjasema kazi imekwisha. Ikiwachanganya miguu, mtaanza upya.

Ratiba uliyoshika inasema kwamba sasa Kalunde atasimama akukabidhi kaseti. Hasimami. Tulimzika Syokau mara moja, na hatutamzika tena kwenye kompyuta yako ili upate nafasi. Kalunde hana picha ya mama yake. Ana sauti hiyo tu, na sisi sote tumeketi kumzunguka.

Mungu akubariki, akufikishe nyumbani salama, na akurudishe kwetu ukiwa na mashine.

Ni sisi,
Kikundi cha Kilumi cha Akina Mama, Mutomo
Imesomwa na katibu, Mwikali Kivuva