Ruhusa ya Nguzo ya Langoni

"Mama, halmashauri inataka uridhie tu," fundi Kubat alimbembeleza bibi Sairagul ndani ya basi dogo la mjini Osh. "Tufunge kisanduku cha mtandao kwenye nguzo ya taa, pale langoni kwako. Usiporidhia, kazi naikosa."

"Mume wangu alifia juu ya nguzo hiyo akitengeneza taa. Muombe mwenyewe."

"Kwani marehemu ni diwani?"

Abiria wa nyuma alicheka, kisha akajidai anakohoa.

"Kila jioni nikimsalimu ananiwashia taa."

"Mama, umeme wa nguzo hiyo niliukata mwenyewe jana."

"Bila kumuuliza?"

Basi likasimama langoni kwake. Mchana kweupe, taa ya nguzo ikawaka.

"Haya, mwanangu," bibi alisema akishuka. "Njoo umuombe."

Dereva akauliza kama kuna mwingine anayeshuka. Kubat akatazama viatu vyake.