Mzee Eliezeri Muhirwa, Aliyetutangulia Katika Msitu Ulioungua

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Eliezeri Muhirwa anamaliza miaka kumi na minane ya kazi katika Mradi wetu wa Msitu na Maji hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ametimiza miaka sitini, na sheria ya biro, yaani ofisi yetu, haina huruma na mtu aliyefika hapo. Kuanzia Jumatatu jina lake halitakuwa tena kwenye ubao wa zamu. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu nimetembea nyuma yake miaka kumi na mmoja, na mgongo wake ninaujua kuliko uso wake. Mnisamehe pale Kiswahili changu kitakapojikwaa.

Mzee Eliezeri alizaliwa milimani, Kivu Kusini, katika nyumba ya wafugaji. Aliingia Nakivale mwaka 2005 akiwa na mke wake Mama Liliane, watoto wanne, na fimbo ya kuchungia bila ng'ombe hata mmoja wa kuchunga. Mwaka 2007 mradi ulitafuta watu wa kutembea katika msitu wa Karushozi, kile kilima cha upande wa Ngarama, kuangalia miti iliyokatwa na kuwapiga picha wanyama waliobaki. Walipomwuliza amesoma hadi wapi, alijibu kwamba vitabu alisoma hadi darasa la tano, lakini kwato anazisoma hadi chuo kikuu. Waliandika jina lake siku hiyo hiyo.

Kamera ilimpa taabu mwanzoni. Siku ya kwanza alirudi na picha arobaini za kidole gumba chake mwenyewe, na zilipofika kwenye biro yetu kubwa ya Kamukuzi, Mbarara, walidhani tumegundua mnyama mpya. Taabu ya pili ilikuwa hesabu. Kwao mfugaji hahesabu ng'ombe kwa namba; anawajua kwa rangi na majina. Kwa hiyo kwenye fomu ya pongo, wale paa wa msituni, penye neno "idadi", Mzee aliandika: "Yule mwekundu, na mama yake, na yule wa sikio lililochanika." Madamu Kampire, mkuu wetu, alipiga simu akiwaka: "Eliezeri! Hiyo pongo ni ngapi? Andika namba, sebo!" Mzee akajibu kwa heshima zote: "Madamu, wote wapo." Nilipoajiriwa, fomu nikapewa mimi. Yeye alitaja, mimi nikahesabu kimoyomoyo asinisikie.

Hayo yalikuwa ya wakati msitu ungali msitu. Agosti 2023 Karushozi uliungua siku sita mchana na usiku. Nani aliuwasha hatujui hadi leo, Mungu ndiye anayejua. Moto ulipopoa, biro ilitaka kujua neno moja tu: kuna chochote kilichobaki hai? Kama wanyama wapo, msitu ungeachwa upone wenyewe. Kama hawapo, ungelimwa na kupandwa mikaratusi. Ushahidi ulikuwa picha, na picha hazijipigi.

Nitasema ukweli, hakuna aliyetaka kuingia. Hata askari wa geti alitukataza: "Nyinyi watu ya kambi, munaenda kutafuta nini? Huko hakuna kitu, ni kufa tu." Mzee akamwambia: "Afande, kama ni kufa tu, mbona bado unafunga geti?" Askari akacheka, akafungua. Sisi wengine hatukucheka.

Tulikuwa watatu. Mzee mbele na fimbo na kamera, mimi, Mama Angeline, katikati na fomu, na nyuma Mama Pélagie, mwenzetu kutoka Burundi, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyebeba maji na dawa. Mzee alipenda kumchokoza: "Mama Pélagie, hiyo rozari inalia kama kengele ya mbuzi, utatufukuzia wanyama." Naye alimjibu: "Ninyi walokole mnavyoimba, simba mwenyewe angehama." Lakini tukishavuka geti, utani ulikwisha.

Mtu ambaye hajatembea katika msitu ulioungua hawezi kujua ukimya wake. Hakuna jani la kutikisika, hakuna mdudu. Unasikia moyo wako na wa mwenzako. Kisha, bila upepo wowote, mti mzima unaanguka mahali usipopaona, na hujui unaofuata ni upi. Kibaya zaidi kilikuwa chini. Mizizi minene iliendelea kuungua ndani ya udongo wiki nyingi baada ya moto wa juu kuzimika. Ardhi inaonekana nzima, kumbe ni ganda tu, na chini yake kuna shimo la makaa. Mzee ndiye aliyetuwekea desturi ya kuvuka: anachoma udongo kwa fimbo, anakanyaga, nami nakanyaga alipokanyaga, na Mama Pélagie alipokanyaga yeye na mimi. Nje ya nyayo hizo hakuna ruhusa, hata ya kujisaidia.

Wiki ya kwanza tulipiga picha za maiti. Kobe aliyebaki gamba. Nyoka aliyejikunja kama kamba ya ndoo. Wiki ya pili Mzee alisimama ghafla na kuinua kiganja, nasi tukaganda. Mimi sikuona kitu, vyote vilikuwa vyeusi. Halafu kitu cheusi kimoja kikapepesa jicho. Alikuwa pongo, hatua ishirini tu kutoka kwetu. Mzee alimpiga picha tatu, lakini biro ilijibu kwamba pongo mmoja si ushahidi wa kutosha.

Watu wanadhani Mzee Eliezeri hakuwa na hofu. Si kweli. Kila asubuhi alikuwa akifungua kamba za viatu na kuzifunga tena mara tatu, nasi tulijua anaomba. Alikuwa akisema: "Asiyeogopa abaki nyumbani, maana yeye ndiye atakayetuua."

Sasa nifike siku ambayo yeye mwenyewe ameniagiza nisiiruke. Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Septemba 2023. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili na nyasi changa zilianza kutoboa majivu. Nyasi changa huita ng'ombe. Kuingiza ng'ombe kwenye msitu ulioungua ni marufuku, na ng'ombe akionekana kwenye picha zetu, mwenye ng'ombe anatafutwa na kuadhibiwa. Wenye ng'ombe wengi ni majirani, watu tunaosali nao.

Kati ya vigogo tuliona mgongo mpana wa rangi ya majivu na mkia unaofukuza nzi. Mzee alinong'ona: "Ng'ombe wa watu huyo." Badala ya kuinua kamera, aliishusha. Akaweka vidole mdomoni na kupiga mluzi mrefu, ule wa kuita ng'ombe watoke malishoni, ili aondoke kabla hajaingia kwenye picha.

Mnyama akainua kichwa. Tukaona pembe. Alikuwa nyati dume, ubavu mmoja umeungua hadi nyama, na macho yake yalikuwa kwetu.

Mama Pélagie alirudi nyuma hatua moja tu, nje ya nyayo. Udongo ukammeza mguu hadi gotini. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi: "Mama Angeline, chini kuna moto." Nikasikia harufu ya bota lake likiungua. Kumvuta ni kelele na vurugu, na nyati angekuja. Kumwacha ni mguu kuiva. Nilibaki nimeshika fomu. Mungu anisamehe, nilibaki nimeshika fomu.

Mzee hakugeuka. Alisema: "Mama Pélagie, funga mdomo, sali kwa moyo. Mama Angeline, nikifika kwenye mti ule, vuta." Akaanza kwenda pembeni, mbali na sisi, bila kuchoma udongo kwa fimbo maana macho hakuweza kuyatoa kwa nyati. Kila alipoweka mguu nilingoja azame. Njia nzima alikuwa akimwambia yule mnyama: "Ooo, tulia baba, tulia." Baadaye alitueleza kwamba alijua wazi nyati hasikii lugha ya ng'ombe; ile sauti ilikuwa kwa ajili yetu.

Alipofika kwenye mti alipiga makofi. Nyati akaenda kwake, nami nikavuta. Mguu ulitoka, bota likabaki. Nilisikia pembe zikigonga gogo, kisha mlio kama wa nyumba inayobomoka. Mti ulikuwa umeungua ndani, ukakatika nusu na kuanguka kati yao. Nyati akakimbilia bondeni. Vumbi la majivu likatufunika, hatukuonana.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Mzee, kavu kabisa: "Mguu upo?"

Mama Pélagie akajibu akilia: "Upo, Mzee. Bota ndilo limeenda jehanamu badala yangu."

Mzee alivunjika mbavu tatu, tawi la mti ule lilimpiga, naye akalazwa. Mama Pélagie alilala hospitali Mbarara wiki tano, na ngozi ya mguu ule mpaka leo haishiki soksi. Nilipowapelekea ripoti waitie sahihi, nilikuwa nimeandika: "Tulivamiwa na nyati." Mzee alisoma, akaikataa. Alitaka niandike kwamba yeye alimwita. Tena alitaka niongeze kwamba wiki ile ile, mara mbili, alikuwa ametangulia peke yake na kufukuza ng'ombe wa majirani kabla hatujawaona, ili wasipigwe picha.

Nilimsihi. Nilimwambia: "Mzee, ukisema hivyo kazi imekwisha. Una watoto wawili shuleni. Nani atajua?" Akaniangalia, mbavu zake zimefungwa bandeji, akasema: "Mama Angeline, mguu wa Pélagie haukuunguzwa na nyati. Uliunguzwa na mluzi wangu. Andika." Nikaandika.

Madamu Kampire alikuja mwenyewe wodini. Aliisoma ripoti akiwa amesimama, akairudia. Kisha akamwambia: "Ng'ombe ya jirani uliionea huruma. Mguu ya huyu mama, je?" Mzee akainamisha kichwa. Tulijua barua ya kumfukuza iko njiani. Aliyeizuia ni Mama Pélagie, kutoka kitanda cha wodi ya wanawake. Alituma neno: "Mkimfukuza, mimi nikipona sirudi. Nitatembea nyuma ya nani?" Madamu alimpa Mzee barua ya onyo, na kwetu sote akaweka sheria tunayoifuata hadi leo: kamera kwanza, mdomo baadaye. Unapiga picha, unaikuza, unajua ni nini, ndipo unaamua.

Mzee hakuishia hapo. Mbavu zilipopona, alisimama kanisani baada ya ibada na kuwaambia wafugaji wenzake kwamba ng'ombe wa kwanza atakayemwona Karushozi atampiga picha, awe wa nani. Wengine waliacha kumsalimia miezi mingi. Na huyo ng'ombe wa kwanza, kwa bahati, alikuwa wa Musoni, shemeji yake mwenyewe. Mama Liliane, ndugu yake Musoni, alimpikia Mzee maharage bila chumvi wiki nzima. Mama Liliane yupo hapa leo, asikatae.

Novemba mwaka huo Mzee alipiga picha ambayo wageni wengi wameiona ukutani Kamukuzi: pongo jike na mtoto wake wamesimama kwenye majivu, nyasi zimewafika kwenye kwato. Nilimwuliza niandike wangapi. Akafikiri kidogo, akasema: "Andika wawili. Hao Mungu ameshawahesabu." Mikaratusi haikupandwa. Karushozi umeachwa upone, na akina mama wa kambi wanaokwenda kuokota kuni pembezoni wanajua nani alikwenda kuleta ushahidi.

Lakini sherehe isitudanganye. Vigogo vilivyokufa bado vimesimama, na kila msimu wa mvua vinaanguka. Mwezi uliopita tulikuta alama za kwato za nyati dume karibu na kijito, kubwa, na Mzee alizipima kwa fimbo, akatuzungusha njia nyingine. Jumatatu tunaingia bila yeye. Mama Pélagie ameomba mwenyewe kutembea mbele. Madamu Kampire alimwuliza mara mbili kama ana hakika, naye akasema hana, ila fimbo anaitaka. Mimi nitakuwa nyuma yake. Wiki hii sisi wawili hatukulala vizuri, na hatuoni haya kuwaambia.

Mzee Eliezeri, asante kwa kila hatua uliyoijaribu kwa mguu wako kabla ya wetu. Asante kwa ripoti ile, iliyotufundisha kazi hii kuliko semina zote. Mungu akupe afya, akupe ng'ombe hata wawili wa kuwaita kwa majina, na akupe asubuhi ambazo hakuna kinachokungoja kwenye nyasi. Tunakuombea uzee wa amani, wewe na Mama Liliane, miaka mingi.

Na ombi moja, baba. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi usije getini kutuaga. Ukija, tutakuomba uingie.

Angeline Nabintu,
kwa niaba ya wenzako wa zamu ya Karushozi