Kikohozi Kilichokwenda Kungoja

Sogeeni mbele, ninyi mliosimama mlangoni, viti vipo, naomba kimya, simu zizimwe na watoto washikwe, ili Vicent asome taratibu maisha ya dada yake, kama nilivyomsimulia mimi mama yao.

Bertila Elibariki alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, Kibosho, Moshi, akazaliwa na pumu, na bibi yake alipompokea alisema huyu kifua kinapiga filimbi, atakuwa mwimbaji. Alisoma shule ya msingi hapo Kibosho hadi 1997, sekondari Moshi mjini hadi 2001, akasomea uuguzi, na mwaka 2009 akaja Houston, akaajiriwa katika nyumba ya kulelea wazee. Tarehe 16 Julai 2016 alifunga ndoa na Deo, huyu aliyekaa hapa mbele, na tarehe 9 Juni 2020 wakajaliwa binti yao mmoja, Clara, nami nilikuwa nimekuja kumngojea, ndege zikafungwa, nikabaki.

Mtoto huyo alikuta watu wamefunika nyuso, akajifunza kucheka kwa kutazama macho tu.

Miaka yote wazee wa kule kazini walikuwa wakikohoa baridi ikiingia, wakipokezana chumba hadi chumba, lakini baridi ile ya mwisho wa 2020, corona ikiwa imechukua iliowachukua, wageni wamezuiwa na barakoa ziko kila uso, mafua ya kila mwaka hayakuja. Bertila alirudi, akavua viatu nje, akasema, mama, korido imenyamaza mpaka nasikia saa ya ukutani. Nikamwambia, basi mshukuru Mungu. Akasema, nashukuru, lakini hayajafa hayo, yamekwenda kungoja mahali, na miili yetu inayasahau. Shiru, muuguzi mwenzake kutoka Kenya, alimcheka, wee Bertila, ukikosa ugonjwa wa kuogopa unaogopa ule usiokuwepo.

Ikafika Julai 2021, wengi wamekwisha kuvua barakoa, jua la Houston linalainisha lami, na watoto wa majirani wakaanza kukohoa kikohozi cha Januari, nyumba hii, kisha ile, kisha ile. Shiru akapiga simu, akasema, dada, nimeacha kucheka.

Agosti 2022 walihamia hapa Irving, Deo alipopata kazi uwanja wa ndege, na kila mwaka kabla ya baridi Bertila alitupeleka wote kuchanjwa, hata mimi ninayekimbia sindano, akisema barakoa hazikutukosea, tulikosea sisi kudhani tukifunga mlango nje hakuna mtu.

Tarehe 29 Januari 2025 alishikwa na homa ya mafua, pumu ikaamka, akajifungia chumbani ili Clara asiipate, chakula tukakiacha mlangoni, na mtoto alilala kwenye zulia upande wetu, akimuuliza kwa Kiingereza chake kama bado yupo, naye akigonga mlango mara moja, pumzi ya kujibu ilikuwa imemwishia. Tarehe 3 Februari alipelekwa hospitali. Alasiri hiyo hiyo tukasikia kikohozi chake chumbani, Deo akanitazama, nami nikamtazama, tulipofungua tukamkuta Clara kitandani mwa mama yake, amejifunika shuka zake, anachemka.

Bertila alifariki tarehe 8 Februari, mchana, hakuambiwa kuwa Clara ameugua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Immaculate aliyepika uji wa mgonjwa na wa wafiwa, na waliokuwa wenzake Bertila kazini, waliosafiri kutoka Houston. Pumzika, mwanangu, kifua chako sasa kimetulia.

Koti lake la baridi amepewa Vicent, viatu vya kazi Shiru, gari ni la Deo, vitenge ni vyangu, na Clara, aliyepona na mnayemwona amekaa magotini pa baba yake, amerithi shuka zile na homa yenyewe, daktari anasema mwakani itarudi imebadili nguo, lakini hodi yake mwili wa mtoto utaitambua.